Neno Moja la Mama Vyeti

Sijawahi kuandika jina lake kwenye daftari hili na leo pia siliandiki. Siyo kwamba silijui. Yeye mwenyewe alikuwa anasema jina siyo kitambulisho, maana jina lako anaweza kulitaja hata mtu anayekuchukia. Hapa Kigera kila mtu alimwita Mama Vyeti, kuanzia muuza dagaa hadi mchungaji, na wengi wao hawakujua hivyo vyeti ni vya nini. Walidhani anaandikisha vizazi na vifo. Mimi nilijua. Nilijua na mengine ambayo ningependa nisiyajue, na hayo ndiyo yananifanya niandike.

Alifanya kazi kwenye maabara moja hapa Musoma mjini, inayopima damu zinazoletwa kutoka vituo vya Bunda na Butiama. Damu inakuja kwa pikipiki ndani ya boksi la barafu. Majibu yanarudi kwa kompyuta. Hiyo njia ya majibu kurudi ndiyo ilikuwa yake. Aliijenga yeye, aliilinda yeye, na aliiongelea kama wazee wa kwetu wanavyoongelea zizi: nani ameingia, nani ametoka, kufuli liko wapi, alama ya moto ya kila ng'ombe ikoje.

Nyumba yake ilitazamana na ya kwetu, katikati kuna jiwe kubwa ambalo watu wanaanikia nguo. Ukigonga mlango wake hakufungua haraka.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi ni jina la kila mtu. Hata mwizi akigonga ni mimi."

Siku moja muuza dagaa alichoka kusubiri na beseni lake kichwani, akajibu kwa sauti kubwa, "Basi ni Mama Vyeti! Nimekuja kujitembelea!" Majirani wote tukacheka. Mlango ukafunguka, naye Mama Vyeti alikuwa anacheka mpaka kitenge kinamtoka.

"Umeona lakini?" akamwambia. "Umetaja jina langu na mlango umefunguka. Ndivyo walivyotuingilia Bunda." Hapo kicheko kikaisha. Alinunua dagaa wake akafunga mlango.

Kabla hajaanza kutumia vyeti, kila kituo kilikuwa na paswedi yake. Ya Bunda ilikuwa jina la mji na moja mbili tatu, na mtu alikuwa ameiandika kwenye plasta ya kidonda akaibandika kwenye kioo cha kompyuta ili wote waione. Nani aliisoma, hawajajua mpaka leo. Aliingia akiwa mbali huko, akachukua orodha ya majibu, na kufikia siku ya gulio watu walikuwa wanajua nani ana nini kwenye damu. Kuna mama mmoja muuza nyanya alirudi nyumbani akakuta vitu vyake vimetolewa nje. Mama Vyeti alitumwa kuangalia kompyuta, na njiani alipita mbele ya nyumba hiyo.

"Godoro lilikuwa kwenye majani," aliniambia. "Mvua imelinyeshea, limevimba. Watoto wamelikalia. Kwa ajili ya neno moja tu, Kimya. Neno na tarakimu tatu."

Kimya ni mimi. Alinipa hilo jina kwa sababu akiuliza "Nani?" mimi nilikuwa siwezi kujibu. Siyo kiburi. Nikiulizwa ghafla koo linajifunga, hata shuleni mwalimu akiita majina nanyoosha mkono badala ya kuitika. Kwa hiyo nilikuwa nasimama tu pale mlangoni na vitabu vyangu. Yeye anauliza mara ya kwanza, anauliza mara ya pili, halafu anasema, "Kimya, ingia." Nilikuwa naendaga kwake kusoma kwa sababu nyumbani wadogo zangu wanne wanapiga kelele, na yeye alinikubali kwa sababu hiyohiyo moja, kwamba sisemi. Kuna mwaka mzima nilikaa kwenye meza yake Jumamosi na Jumapili, na nadhani sikumwambia maneno yanayojaza ukurasa mmoja.

Yeye ndiye aliyesema. Shuleni mwalimu wa kompyuta alikuwa ametufundisha kwamba nywila nzuri iwe na herufi kubwa na ndogo na namba na alama. Nilimwonyesha notisi zangu. Alicheka kwa dharau.

"Mwalimu wako anawafundisha kufunga mlango wa nyasi kwa kufuli la chuma. Sikiliza. Paswedi unaisafirisha. Kila ukitaka kuingia unaibeba unaipeleka kule, na kila kinachosafiri kinaweza kuvamiwa njiani. Mimi kila kompyuta nimeipa vitu viwili. Cheti, nacho kinaonekana na yeyote, kimesema huyu ni wa Butiama na kimesainiwa na mimi. Halafu ufunguo. Ufunguo hausafiri. Unazaliwa ndani ya mashine ile na unafia humo. Seva ya Musoma ikitaka kujua kama kweli huyu ni wa Butiama, inamtumia fumbo, na fumbo lile hakuna wa kulitegua isipokuwa mwenye ufunguo. Analitegua kulekule aliko, anarudisha jibu. Umeelewa? Siri haijatoka nyumbani."

Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa.

"Na Butiama naye anamuuliza Musoma vilevile. Watu wanasahau hiyo. Wanadhani anayegonga ndiye wa kutiliwa shaka. Wewe umejuaje kwamba hii ni nyumba yangu na mimi ndiye mwenyewe? Niulize!"

Nilicheka kwa ndani.

Ila hakuwa mtu wa sheria tu, na nisimwandike kama mtakatifu. Alikuwa anapenda umbea kuliko mtu yeyote Kigera. Alijua nani kagombana na nani, binti wa nani anaonekana Buhare na kijana wa nani. Mke wa mchungaji alimkanya siku moja, mbele yangu, kwamba mtu anayetunza siri za hospitali hapaswi kuwa na masikio marefu hivyo. Alijibu bila aibu, "Umbea siyo siri, mama mchungaji. Umbea ni habari ambazo hazijasainiwa." Na alikuwa anasema hamwamini mtu, lakini mimi aliniachaga peke yangu sebuleni akaenda kununua samaki aina ya furu sokoni, na kompyuta imewaka mezani.

Kompyuta hiyo sasa. Ilikuwa laptopu nzito ya zamani ambayo hajawahi kuiunganisha na mtandao hata siku moja. Aliitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kitenge cha msiba na Biblia. Ndani yake ndimo kilimokaa cheti mama, kile kinachosaini vyeti vingine vyote. Alikuwa ametengeneza programu yake ndogo: bonyeza moja kutoa cheti kipya, mbili kufuta, tatu kuhuisha cheti mama. Ukibonyeza yoyote inakuuliza neno.

"Hilo ndilo neno la siri pekee lililobaki kwenye njia yote," alisema. "Yote mengine nimeyaua. Hili siwezi kuliua, maana lazima kitu cha mwisho kifungwe na mtu. Liko hapa." Akagonga paji la uso wake kwa kidole. "Halijaandikwa popote. Na wewe mwenye daftari, usiandike chochote unachokiona hapa."

Halafu akanigeuzia mgongo aliandike, na mimi nikaona shavu lake kwa upande. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa ananong'ona kila neno kabla ya kulibonyeza, kama mtoto anayejifunza kusoma. Maneno saba ya Kijita, sentensi kamili, kuhusu mtu aliyeenda ziwani. Nilikuwa nimeshaisikia hiyo sentensi mara nyingi, nikidhani ni sala yake. Na nilikuwa nimeshaiandika kwenye daftari hili miezi mingi nyuma, kwa sababu ilikuwa na mdundo mzuri.

Ningepaswa kuchana ule ukurasa siku hiyohiyo. Sikuchana. Na sikumwambia.

Baba yangu anafanya kazi kwenye kituo kimoja cha Butiama, ndiye anayepokea majibu kutoka Musoma. Anakaa kule siku za kazi, Ijumaa jioni anarudi. Kompyuta ya kwanza ya kituo chao ilipigwa na radi, ikaletwa nyingine, na Mama Vyeti akampa Baba flashi yenye cheti kipya. Nilikuwepo. Alimwambia, "Kiweke kwenye mashine, halafu hicho cheti kitunze vizuri sana, baba. Vizuri sana."

Sasa Baba yangu kwenye vyeti hana mchezo. Cheti chake cha kidato cha nne, cha ubatizo, cha ndoa, vyetu vya kuzaliwa, vyote amevipeleka stesheneri vikavishwa nailoni, maana ziwa lina unyevu na panya wapo. Alifika Butiama, akaweka faili kwenye kompyuta kama alivyoelekezwa, akalifungua kuliangalia. Akaona ukurasa umejaa herufi zisizosomeka. Akajisemea, cheti ni cheti. Akakichapa kwenye karatasi, akakipeleka kuvishwa nailoni, akakitundika ukutani kwenye chumba cha mapokezi, juu ya benchi la wagonjwa, pembeni ya ratiba ya chanjo.

Kilikaa pale wiki tatu.

Mama Vyeti alikwenda kukagua, na mimi nilikuwa likizo tukaenda wote. Alisalimia watu vizuri, akauliza hali, akageuka kutafuta pa kuweka mkoba. Nilimwona anavyouona ule ukuta. Hakupiga kelele. Alisogea akasoma mistari ya chini, kidole chake kinapita juu ya nailoni.

"Baba Kimya," alisema, "hiki umekitoa wapi?"

"Si ndiyo cheti chetu, mama! Ulisema nikitunze." Baba alikuwa anatabasamu. "Nikaona nikikiweka kabatini watakipoteza."

"Hii mistari ya juu ni cheti. Huku chini ni ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

Mama Vyeti alikitoa msumarini taratibu, akakikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Baadaye alifungua kumbukumbu za seva. Cheti cha Butiama kilikuwa kimetumika kila siku ya kazi. Na kilikuwa kimetumika mara moja siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, kutoka kompyuta isiyojulikana. Jumapili ile saa nne Baba alikuwa kanisani hapa Kigera, nimekaa pembeni yake. Lazima mtu alikuwa amekaa kwenye lile benchi na simu yenye kamera, akapiga picha ukuta.

Tangu siku hiyo Baba akienda sokoni anawatazama watu usoni. Mpaka leo.

Mama Vyeti alipiga simu maabara palepale wakizuie kile cheti, na aliporudi nyumbani akatoa laptopu kwenye sanduku akabonyeza mbili. "Nimekifuta," alisema, kwa sauti ya ofisini, isiyo na hasira. Nilimwandikia kwenye karatasi, ndivyo nilivyokuwa namwulizaga mambo magumu: *Baba akijifunza, huwezi kukirudisha?*

"Kilichofutwa hakirudishwi. Hata kama mwenyewe ni mtu mwema. Unatengeneza kingine upya, na kile cha zamani seva ikikiona hata baada ya miaka mitano inakikataa." Kisha akafunga laptopu. "Baba yako asilaumiwe. Kosa ni langu."

Nilimtazama.

"Ufunguo nilisema unazaliwa wapi?"

Kwenye mashine yake, nikaandika.

"Sasa mimi nimeutengenezea hapa, nikauweka kwenye flashi, nikausafirisha. Mimi! Niliyewafundisha wote." Akaitazama mikono yake. "Nilisahau, Kimya. Siyo kwamba nilizembea. Nilisahau kama vile sikuwahi kujua."

Hapo ndipo nilipoanza kuona vitu ambavyo nilikuwa naviona siku zote. Karatasi ndogondogo jikoni kwake. CHUMVI. ZIMA JIKO. Kwenye mlango kwa ndani: UMEKUNYWA DAWA? Nilikuwa nadhani ni unadhifu. Alikuwa ananituma furu, nakuta furu wengine wapo kwenye sufuria. Alikuwa ananiuliza niko kidato cha ngapi, namwonyesha vidole vitatu, na kabla chai haijapoa ananiuliza tena.

Jumamosi moja alinikuta nasoma ile karatasi ya dawa. Akavuta kiti.

"Wewe unadhani kwa nini niliichukia paswedi?"

Nikaandika: *Bunda.*

"Bunda ndiyo, hiyo niliwaambia mabosi. Ila nilianza kusahau zangu kabla ya Bunda. Asubuhi nimekaa mbele ya mashine, watu wananitazama, neno halipo. Nikaona nijenge kitu ambacho hakihitaji mtu akumbuke. Mashine ikumbuke kwa ajili yetu." Akacheka kidogo. "Nikajenga vizuri kweli. Likabaki moja tu."

Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Usimwambie baba yako. Wakijua wataninyang'anya. Watampa mtu wa kuandika kwenye plasta. Niapie."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kwa mtu kama mimi ni rahisi sana kuahidi kutosema. Hakuna aliyewahi kunishuku kwamba kimya changu ni cha uongo.

Cheti kina siku ya kufa, imeandikwa ndani yake tangu kinapozaliwa. Cheti mama nacho kilikuwa na yake, na ilikuwa inakuja: Jumatatu moja ya muhula wa pili, saa sita mchana. Ukikihuisha kabla hakijafa, watoto wake wote wanaendelea. Kikifa kwanza, kila mashine inamkataa mwenzake, na majibu yanabaki kwenye seva kama watu waliofungiwa kanisani. Alianza kujaribu mwezi mzima kabla. Nilikuwa mezani na jiografia yangu. Alibonyeza tatu, ikauliza neno. Akanigeuzia mgongo. Midomo ikatembea, ikasimama. Akaandika, ikakataa. Akaandika tena.

"Hii kibodi ina vumbi," alisema.

Midomo ilikuwa inasema maneno manne ya mwanzo vizuri. La tano alikuwa analikosea. Mimi nalijua la tano. Lilikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa miguuni kwangu. Nilikaa pale nikasikiliza anavyokosea, Jumamosi hiyo na Jumamosi iliyofuata. Alipofunga laptopu alisema litakuja lenyewe. Naandika hapa wazi: niliogopa kumwambia kwamba nilikuwa nasikia, kuliko nilivyoogopa Jumatatu.

Halafu akapotea. Alitoka kwenda kazini asubuhi akaonekana Buhare mchana, viatu mkononi, anauliza watu njia ya kwenda posta. Ndugu zake wakaja kumchukua kumpeleka kwao Mugango. Alikubali kila kitu isipokuwa sanduku la bati, hilo alilikalia mpaka walipokubali liende naye.

Meneja wa maabara alikwenda Mugango mara mbili. Mara zote alirudi bure. Alimweleza Baba, "Ananiuliza mimi ni nani. Nimemwambia ni bosi wako, miaka minane! Ananiambia, nani amekusainia?"

Ijumaa kabla ya ile Jumatatu Baba alirudi kutoka Butiama hakula. "Kuna mama ana pacha wachanga," alimwambia mama yangu. "Damu yao iko Musoma. Majibu yakitoka Jumatatu na njia imekufa, sijui tutayapata lini. Na dawa haiwezi kuanza kwa kubahatisha." Akaisukuma sahani. "Kama kuna mtu analijua hilo neno."

Niliinuka nikaenda kusimama mbele yake. Nilichoweza kusema ni, "Nipeleke Mugango."

Alinitazama kama nimeanguka kutoka darini.

Tulienda Jumamosi kwa pikipiki ya kituo. Kule dagaa walikuwa wameanikwa mchangani mpaka usione mchanga, na juu ya ziwa kulikuwa na wingu la wadudu limesimama kama moshi, halisogei. Wifi yake alitupokea, akatupa maji, akatuambia, "Leo hajamtambua hata mbwa. Ila jaribuni." Baba akabaki uani. Mimi nikaenda kwenye mlango wa chumba chake, nikagonga.

"Nani?"

Koo likajifunga, kama siku zote.

"Nimeuliza nani?"

Nikasimama. Nilisikia anasogea. Kisha sauti yake, taratibu, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka:

"Kimya. Ingia."

Nilitaka kulia. Meneja alitaja jina lake na cheo chake na miaka minane. Mimi sikutaja kitu.

Chumba kilikuwa na kitanda na sanduku. Ukutani kulikuwa na karatasi moja, mwandiko wake: JUMATATU. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Kuna jambo Jumatatu," aliniambia. "Unajua ni nini?"

Nikatikisa kichwa kwamba najua. Nikalionyesha sanduku. Yeye mwenyewe alilifungua, yeye mwenyewe akaitoa laptopu, akaiweka kitandani akabonyeza tatu. Vidole vyake vilikuwa vinakumbuka. Ikauliza neno.

"Linakuja," alisema. "Liko mlangoni."

Safari hii hakunigeuzia mgongo. Midomo ilitembea maneno mawili. Ikasimama. Akarudia mawili. Akaifuta kibodi kwa ncha ya kitenge, kila kitufe, akaanza tena, neno moja. Kwa nje nilisikia Baba anakohoa. Nikaona nikingoja zaidi hata hilo moja litaondoka.

Basi nikasema. Nililisema lile la pili, nikidhani ataendelea mwenyewe. Hakuendelea. Nikasema la tatu, na la nne, na la tano, na lile la sita, na la saba. Sijawahi kusema sentensi ndefu hivyo mbele yake.

Aliinua mikono kutoka kwenye kibodi kama imemchoma. Akageuka kunitazama, na nikaona uso wake unafungwa, kama vile mtu anafunga dirisha kwa ndani.

"Kimya hasemi," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Mimi ni jina la kila mtu. Kimya hasemi. Wewe ni nani?"

Nikataja jina langu, la baba yangu, nyumba yetu, jiwe la kuanikia nguo. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyorudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta, chini ya ile karatasi. Laptopu ilibaki kitandani, kimstari kinawaka na kuzima, kinasubiri. Niliwaza godoro la Bunda, nikawaza pacha wa Butiama. Nikakaa kitandani nikaandika. Vidoti vikajipanga kwenye kioo kama shanga, nikabonyeza, ikafunguka. Cheti mama kipya kikaingia kwenye flashi niliyokuja nayo kwa muda mfupi kuliko kumeza mate. Alikuwa haangalii kioo. Alikuwa anaangalia vidole vyangu.

Niliirudisha laptopu kwenye sanduku, nikaifunika na kitenge. Nilipofika mlangoni aliongea nyuma yangu, bila hasira, kwa ile sauti ya ofisini.

"Nimekufuta."

Uani Baba aliinuka. "Amekupa?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Huo ulikuwa uongo.

Jioni ile Baba alimpelekea meneja ile flashi, na Jumatatu ilipita kama siku yoyote. Majibu ya pacha yalifika Butiama saa tisa, Baba akapiga simu akiwa na furaha, akasema meneja ametuma salamu kwa Mama Vyeti kwamba ni mwaminifu mpaka mwisho. Nilimwomba Baba anirudishe Mugango tukaenda. Niligonga. Akauliza nani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilisimama bila kusema, kama zamani, mpaka jua likaanza kuuma shingoni. Hakufungua.

Ule ukurasa nimeuchana nikauchoma kwenye jiko la mkaa, nikasubiri mpaka majivu yakawa meupe. Kwa hiyo lile neno halijaandikwa popote sasa. Kwake halipo tena. Cheti mama kipya kina miaka kumi, na hakuna anayejua kwamba siku ya kukihuisha itabidi waje kugonga kwetu. Kila asubuhi nahakikisha kwamba lipo kichwani, maneno yote saba, na la tano ndilo naliangalia zaidi.

Jana nilikuwa nachambua dagaa na mama yangu. Akasimamisha mikono.

"Wewe, unanong'ona nini?"

Sikujua kwamba midomo yangu ilikuwa inatembea.